Funza wa maembe anapopanda mlima

Wengi wenu munaoishi kwenye machimbo munakula matunda ambayo hamukupanda. Avoka inayouzwa Manguredjipa, karibu na mashimo ya zahabu, imeshuka kutoka milima ya upande wa Butembo. Maembe na mananasi yametoka chini, upande wa Beni, kwenye joto. Mama amenunua mufuko muzima, amelipa gari ao motari, amelala njiani kwa sababu ya matope, na siku ya tatu anafungua mufuko sokoni. Anakata tunda moja ili muteja aonje. Ndani, funza weupe wanaruka-ruka. Muteja anacheka, anaenda zake. Feza ya masomo ya watoto imebaki ndani ya ule mufuko.

Kijana mumoja aliuliza swali ambalo nilifikiri ni jepesi, kumbe ni zito: «Huku Butembo tunavaa makoti asubuhi. Sababu gani baridi haiue wale funza?» Nilitaka kumujibu mara moja kwamba baridi yetu ni ndogo. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ingine iko ndani ya tunda lenyewe. Funza aliyekulia ndani ya tunda moja hana nguvu sawa mbele ya baridi kama ndugu yake aliyekulia ndani ya tunda lingine. Na tuone namna gani.

Majira yetu ya baridi ni mlima

Mustari wa ikweta unapita kusini kidogo ya Butembo, mbele ya kufika Lubero. Kwa hiyo hatujui ile theluji ya Ulaya, isipokuwa ile tunayoiona kwa mbali juu ya Rwenzori siku mawingu yanapofunguka. Kwetu anayetafuta baridi hangojei mwezi wa kumi na mbili; anapanda. Kila mara unapopanda meta 1,000, joto linapungua karibu digri 6. Beni iko kwenye urefu wa meta 1,100 na zaidi, Butembo inapita 1,700. Kati ya miji hii miwili kuna kilometa 54 tu, lakini ukitoka Beni na shati moja jioni, utatetemeka mbele ya kufika.

Mududu hana moto ndani ya mwili wake kama sisi. Mwili wake unashika joto la mahali alipo. Kukipoa, kila kitu ndani yake kinaenda pole pole: kula, kukua, kujigeuza. Watu wa ICIPE, ile nyumba kubwa ya uchunguzi wa wadudu iliyo Nairobi, walipima jambo hili kwa nzi mugeni wa matunda aliyetoka Asia na kuonekana mara ya kwanza Kenya mwaka 2003. Wataalamu walimupa jina Bactrocera invadens mwaka 2005, yaani muvamizi. Kisha mwaka 2015 wakakubali kwamba ni yule yule wa zamani wa Asia, Bactrocera dorsalis. Jina limebadilika, hasara haikubadilika. Watafiti wa Kisangani na wa jumba la Tervuren kule Ubelgiji waliandika mwaka 2011 juu ya nzi wa matunda wa misitu na mashamba ya Kongo yetu, na muvamizi huyu alikuwa kati yao.

Vipimo vya Nairobi vilivyotoka mwaka 2008 vilionyesha hivi: kwenye digri 30, toka yai mpaka nzi muzima ni chini ya siku 20. Kwenye digri 15, ni zaidi ya siku 70. Chini ya digri 9 hivi, ukuaji unasimama kabisa. Sasa muhesabu wenyewe. Usiku wa Butembo haufike mara nyingi kwenye digri 9. Basi baridi yetu haimuui funza, inamuchelewesha tu. Na funza aliyechelewa ni funza anayesafiri: mama ananunua tunda lenye sura nzuri, funza bado mudogo kama uzi, kisha gari linashuka kwenye joto la machimbo na kwa siku tatu uzi umekuwa funza mukubwa. Wengi wanalaumu machimbo. Yai liliwekwa mlimani.

Nzi wetu aliyehamia Ugiriki

Hapa ndipo tunda linaingia. Kuna nzi mwingine, mudogo, mwenye mabawa ya madoa, anayeitwa Ceratitis capitata. Watu wa Ulaya wanamuita nzi wa Mediterania, lakini asili yake ni Afrika yetu. Alihama zamani, pengine ndani ya masanduku ya matunda, na akafika mpaka kaskazini ya Ugiriki, upande wa Thessaloniki, mahali ambapo majira ya baridi yanaua kweli. Kwa miaka mingi wataalamu walijiuliza: mutoto huyu wa nchi za joto anapitisha wapi majira hayo?

Katika miaka ya 1990, Papadopoulos na wenzake walimukuta. Alikuwa ndani ya matofaa, yale tunayoita mapome, akiwa bado funza. Kama angekuwa ndani ya tunda laini, angekula haraka, angetoka, angeangukia udongoni na kukutana na baridi bila nyumba. Tofaa ni chakula kigumu kwake. Anakua ndani yake pole pole sana. Ule upole ambao mufugaji angeuita utapiamlo ndio ulimuponyesha. Wengi walikufa, ni kweli, lakini waliobaki walitosha kuanza tena majira ya joto yalipofika. Nami nakiri kwamba habari hii ilinishangaza kuliko zote nilizosoma juu ya wadudu: chakula kibaya kilimupa nyumba nzuri.

Tunda basi ni vitu viwili kwa pamoja: ni sahani na ni nyumba. Kama nyumba, tunda nene linapoa pole pole. Usiku mmoja wa baridi unaweza kupita mbele ya katikati ya avoka kujua kwamba kulikuwa baridi. Pera dogo linapoa haraka. Kama sahani, tunda linampa funza mafuta, sukari na maji, na kila moja ya hivi ina neno lake mbele ya baridi.

Antijeli ndani ya damu

Madereva munaosoma munajua antijeli, ile maji ya rangi inayowekwa ndani ya radiateri katika nchi za baridi ili maji yasigande na kupasua motere. Wadudu wa nchi zile wanatengeneza antijeli yao wenyewe. Wanachukua akiba ya chakula iliyo mwilini na kuigeuza kuwa sukari na vitu vinavyofanana na gliserini, ile ya kupaka ngozi. Damu yenye vitu hivyo inakataa kuganda hata ikipoa chini ya sifuri. Nondo wa matofaa, Cydia pomonella, anapitisha baridi akiwa funza chini ya gamba la muti, amejifunga ndani ya kifuko cha uzi wake. Anaweza kupoa zaidi ya digri 20 chini ya sifuri bila barafu kuingia mwilini.

Lakini antijeli haitoki hewani. Inatoka katika akiba, na akiba inatoka katika chakula alichokula alipokuwa bado anakula. Akiba ya mafuta ni vilevile chakula chake cha miezi yote ya kufunga. Mufikiri mutu anayeingia njaa akiwa munono na mwingine anayeingia akiwa amekonda. Mwaka 2007 wataalamu wa China waliandika juu ya yule kiwavi tunayemujua sote, anayetoboa nyanya na mahindi, Helicoverpa armigera. Waliwalisha viwavi mimea mbalimbali, pamba na mahindi yakiwa kati yao, kisha wakawafuata mpaka baridi. Hawakuingia na akiba sawa, wala hawakupona kwa kiasi sawa. Shamba alilokulia liliamua kwa sehemu kama ataona majira mengine.

Kuna jambo lingine ambalo watu wachache wanalifikiri: tumbo. Chakula kilicho tumboni kina vumbi na vijidudu ambavyo barafu inapenda kuanzia hapo, kama vile mawingu yanavyoanzia kwenye vumbi. Ndiyo sababu wadudu wengi wanaondoa yote tumboni mbele ya baridi kali. Na maji ya tunda nayo ni hatari. Tunda likiganda, barafu yake ikigusa ngozi ya funza, inaweza kuingia mwilini mwake na kumugandisha mapema kuliko kama angekuwa mahali pakavu. Nyumba ile iliyomulinda usiku wa baridi ndogo inaweza kuwa kaburi lake usiku wa barafu.

Wale wa kwetu, hata hivyo, hawangojei barafu. Funza wa nzi wa matunda anakufa kwa baridi tu, mbele ya kuganda, ikiwa baridi hiyo ni kali na inadumu. Swali la wafanyabiashara ni hili: siku ngapi?

Siku kumi na nane ndani ya frigo

Swali hilo liko na feza nyingi nyuma yake. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya funza wa nzi, na haikuanza tena mpaka 2021. Muhesabu miaka ile: mukulima aliyepanda miembe kwa ajili ya Ulaya alibaki anauza barabarani.

Kwa avoka ya aina ya Hass, watafiti wa Nairobi waliandika mwaka 2012 kwamba kuiweka kwenye digri 1 na nusu kwa siku 18 kunaua funza wa yule muvamizi. Afrika ya Kusini, kwa machungwa, walitoa mwaka 2011 kipimo chao: karibu digri 1, siku 16. Baridi hizo mbili hazilingani kabisa, kwa hiyo usiweke siku kwa siku. Lakini ona kazi waliyoifanya: hawakuchukua kipimo cha chungwa na kukibandika kwenye avoka. Kila tunda lilipimwa peke yake, funza wakiwa ndani, kwa sababu funza wa avoka na funza wa chungwa si kitu kimoja mbele ya frigo. Na mara zote aliyekuwa mugumu kuliko wengine ni funza mukubwa, wa hatua ya tatu, yule aliyekwisha kula na kuweka akiba.

Mwaka 2022 Ulaya ilitoa amri juu ya machungwa ya Afrika yanayoweza kuwa na nondo mwingine, Thaumatotibia leucotreta. Ilitaka yapoozwe kwa siku nyingi zaidi. Afrika ya Kusini ilipeleka shauri hilo mbele ya shirika la biashara la dunia. Huko wanabishana juu ya digri moja ao mbili, wakiwa na mavyumba ya baridi makubwa kama kanisa. Sisi Butembo tunajadili kama umeme utarudi usiku huu. Sisemi hivi ili kulalamika; nasema ili tusidanganyike kwamba dawa ya frigo ni yetu leo.

Kahawa nayo inapandishwa

Wazee wa Beni wanakumbuka kahawa ya robusta ilipokauka kwa ugonjwa wa kunyauka, wengi wakahamia kakao. Milimani, upande wa Butembo na Lubero, arabika ilibaki. Arabika ina adui mwingine, kidudu cheusi kidogo kuliko kichwa cha njiti, ambacho maagronomu wanakiita skolite. Jike linatoboa tunda la kahawa, linataga ndani ya mbegu, na funza wake wanaikula hiyo mbegu. Huyu anaogopa baridi kuliko nzi. Watafiti walioandika mwaka 2009 kutoka Kenya walikuta kwamba karibu na digri 15 hakuna maendeleo. Ndiyo maana zamani hakusumbua kahawa iliyo juu ya meta 1,500. Baridi ilikuwa ukuta wa shamba, bila dawa na bila mulinzi. Ukuta huo unashuka kadiri hewa inavyopata joto, na watafiti hao hao walionya juu ya Afrika ya Mashariki yote. Kwa mukulima wa Butembo digri moja si hesabu ya shule. Ni kilo za kahawa.

Tanzania wameona mugawanyo huo kwa macho. Kwenye milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, watafiti waliweka mitego toka chini mpaka juu. Chini muvamizi alitawala. Walipopanda, alipungua, na nzi wa Kiafrika wa jamii ya Ceratitis rosa akawa ndiye mwenye nyumba. Kisha mwaka 2016 wataalamu wakagundua kwamba hata yule Ceratitis rosa ni wawili waliofanana: mumoja wa joto, mwingine anayevumilia baridi zaidi. Huyu wa pili alipewa jina Ceratitis quilicii, kwa heshima ya Serge Quilici, mutafiti wa kisiwa cha Réunion. Kwa hiyo ukisikia mutu anasema «mlimani hakuna funza», mujibu kwamba mlimani kuna funza wa mlimani.

Matunda yasiyo na mwenye kuyaokota

Kuna jambo chungu la kusema hapa. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu mashambani. Mashamba ya kakao, kahawa na miti ya matunda yamebaki bila mwenyewe. Muti haujui vita. Unazaa, matunda yanaanguka, yanaoza, na kila tunda lililooza chini ni shule ya mamia ya funza. Waliokimbilia Butembo na Lubero wanaishi katika nyumba za jamaa wakati shamba lao kule linalisha nzi. Dawa ya mududu huyu, mbele ya dawa yote, ni usalama wa kutembea mpaka shambani na kurudi jioni.

Kwa anayeweza kufika shambani, kazi ya kwanza haina gharama. Okota matunda yote yaliyoanguka, kila siku mbili ao tatu, usingoje juma. Usiyatupe kwenye lundo la mbolea kando ya nyumba, sababu lundo lina joto na funza wanapenda joto. Yatie ndani ya mufuko mweusi wa plastiki, ufunge sana, uache juani siku kadhaa; jua la Beni linafanya kazi ambayo frigo ingefanya kinyume. Mahali pasipo jua la kutosha, kama Kyondo kwenye ukungu, chimba shimo la zaidi ya nusu meta na ufunike vizuri, ukishindilia. Shimo fupi ni kuwatandikia kitanda, maana nzi wanatoka hata kwenye udongo.

Na kwa wanaouza: avoka ya Hass ikiwa bado ngumu ni kazi kwa nzi, ngozi yake inamusumbua. Ikianza kulainika, mulango umefunguka. Vuna ingali ngumu. Mapera na maembe yaliyoiva yasichanganywe ndani ya mufuko mmoja na avoka.

Kazi ya vijana: makopo sita

Vikundi vya vijana, hapa kuna jambo mutakaloweza kufanya bila mashini. Tafuteni makopo sita ya plastiki. Wekeni muchanga mukavu vidole viwili chini. Ndani ya mawili wekeni mapera yaliyotobolewa na nzi (mutaona alama ndogo kama ya sindano, mara nyingi na tone la utomvu), ndani ya mawili maembe, ndani ya mawili avoka. Funikeni kwa kitambaa chepesi na mupira. Kopo moja la kila tunda libaki Butembo, lingine litumwe kwa rafiki Beni. Pande zote mbili muandike kila asubuhi: joto, kama muko na termometa, siku funza wa kwanza alipotoka, siku alipogeuka kuwa kile kibumba cha rangi ya kahawia ndani ya muchanga, siku nzi aliporuka ndani ya kitambaa. Muhesabu wote.

Mutaona, nadhani, kwamba Beni inamaliza mbele. Hilo munalijua tayari. Lakini muangalie vizuri tofauti kati ya pera, embe na avoka pale pale Butembo, kwenye baridi moja. Pima ukubwa wa vibumba kwa rula ya shule: kibumba kinene ni funza aliyekula vizuri. Kama muko karibu na UCG, kitivo cha agronomia kinajua kuwatambua nzi hao kwa mabawa. Wapelekeeni ndani ya chupa ndogo ya alkoholi, na karatasi inayosema tunda gani, kijiji gani, tarehe gani. Bila karatasi hiyo nzi ni nzi tu. Mukimaliza, makopo yote yachomwe ao yamwagiwe maji ya kuchemuka mbele ya kuyafungua.